Saa ya Kuzima

Ofisini walimwita Mtaalamu, na asikudanganye mtu, jina hilo alilipenda. Alilipata siku mashine ya kuchapa ilipomeza karatasi mbele ya wakaguzi, naye akaichokonoa kwa kibanio cha nywele hadi ikaitapika. Tangu siku hiyo, waya ukilegea, aitwe Mtaalamu. Simu ya meneja ikigoma, yuko wapi Mtaalamu? Hata mlango wa choo ulipokwama na karani wa bili yumo ndani, aliyeitwa kwanza ni yeye, seremala akafuata. Wengine walilitamka jina hilo kwa heshima na wengine walikuwa wakimvika kilemba cha ukoka, lakini yeye hakuwa mtu wa kuchunguza kilemba kimefumwa kwa nyuzi gani. Alikivaa na kutembea nacho.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya maji. Chini kulikuwa na dirisha la bili na dirisha la malalamiko, na foleni ya malalamiko siku zote ndiyo iliyokuwa ndefu. Juu kulikuwa na chumba cha injinia, kisha mlango wa meneja, na mbele ya mlango huo kapeti jekundu ambalo mfagizi alilipiga brashi kila asubuhi huku akilitukana kimoyomoyo. Meza ya Mtaalamu ilikuwa pembeni ya kapeti hilo. Kazi yake ilikuwa kuingiza takwimu za pampu: ipi iliwashwa lini, ikazimwa lini, imefanya kazi kiasi gani tangu ipakwe grisi. Kwa miaka mingi habari hizo zilimfikia katika madaftari yenye madoa ya chai, mwandiko mwingine umelala, mwingine umesimama, mwingine unahitaji mganga wa kuupigia ramli.

Ikatokea kwamba meneja alikwenda makao makuu kusoma ripoti, na katika ripoti hiyo pampu moja ilikuwa imefanya kazi saa hasi tano. Mtu aliyenakili daftari alikuwa amegeuza, akaweka saa ya kuzima mahali pa saa ya kuwasha. Wakubwa walicheka mpaka mmoja akauliza kama pampu hiyo ilikuwa ikinyonya maji kutoka majumbani mwa watu na kuyarudisha mtoni. Meneja alirudi amevimba.

"Mtaalamu," alisema, "nataka fomu. Fomu inayojua kukataa upuuzi."

Akatengeneza fomu. Kila nyumba ya pampu ikapelekewa kompyuta kuukuu kutoka ghalani, na katika kila kompyuta visanduku vitatu: tarehe, saa ya kuwasha, saa ya kuzima. Nyuma ya visanduku hivyo aliweka sheria moja aliyoionea fahari: saa ya kuzima lazima iwe baada ya saa ya kuwasha. Ukikosea, maandishi mekundu yanakurukia: "KOSA. Pampu haiwezi kuzimwa kabla ya kuwashwa." Soma sheria hiyo mara kumi, hutaiona kasoro. Hata mtoto anajua chai hunywewa baada ya kupikwa.

Aliijaribu asubuhi nzima pale mezani. Akawasha pampu za kubuni saa moja asubuhi na kuzizima saa kumi na moja jioni. Akageuza makusudi, fomu ikamkaripia, akacheka peke yake. Ilipofika jioni alifunga kompyuta, akachukua mkoba wake, akaenda nyumbani kama watu wote wenye kazi za mchana. Hapo ndipo penye shina la habari hii, na ndiyo maana nalisema mapema: alijaribu kwa saa anazofanya kazi yeye.

Pampu zote za mji ule ziliwashwa asubuhi na kuzimwa jioni, isipokuwa moja. Ile ya chini ya kilima, inayosukuma maji kwenda mitaa ya juu, umeme wake wa mchana ulikuwa wa kubahatisha. Kwa hiyo iliwashwa saa nne usiku na kuzimwa saa kumi na mbili asubuhi, tangi likijaa watu wamelala. Na mwendesha pampu hiyo alikuwa kaka yake Mtaalamu, baba mmoja mama mmoja.

Wenzake walimwita Presha, kwa sababu hakuweza kumaliza sentensi bila kutaja presha. Mvua ikinyesha sana, ina presha. Mkewe akigomba, leo mama watoto kapandisha presha. Alikuwa mkubwa kwa Mtaalamu kwa miaka kumi, na wazazi walipofariki yeye ndiye aliyeacha shule akaingia pampuni ili mdogo wake asiache. Aliyekuwa akimsuka nywele za kwenda shule ni yeye, vibaya, matuta yakipishana kama barabara za panya. Mdogo wake alipopata kazi ofisini, Presha aliwaambia walinzi, mafundi na hata wauza maandazi wa njiani: "Ile kompyuta mnayoiona kwangu, kaitengeneza mtoto niliyemlea." Waliokuwa hawajauliza waliambiwa pia.

Fomu ilipoanza kutumika, Presha alikuwa wa kwanza kupata taabu nayo, naye alifanya jambo la busara: kuuliza si ujinga, akaenda kuuliza. Akapanda ngazi za ofisi asubuhi, ametoka zamu, buti za mpira miguuni zikitoa maji na matope, shati lina grisi hadi kifuani. Akasimama juu ya kapeti jekundu. Ilikuwa bahati mbaya kwamba siku hiyo meneja alikuwa na wageni, watu wa viatu vya ngozi na manukato, na mlango ulikuwa wazi.

"Mama," Presha alisema. Hivyo ndivyo alivyomwita mdogo wake tangu utoto. "Ile fomu yako imenigomea."

"Shikamoo, kaka. Imegoma vipi?"

"Marahaba. Sikiliza. Mlitufundisha kwamba kompyuta haihesabu saa kama sisi. Saa nne usiku yenyewe inaiita ishirini na mbili. Sawa, sina ugomvi. Saa kumi na mbili asubuhi inaiita sita. Sawa pia, nyumba ya mtu na taratibu zake. Lakini nikiandika nimewasha ishirini na mbili, nimezima sita, inanirukia kwa wekundu. Ati nimezima kabla ya kuwasha! Mimi? Miaka yote hii?"

Mmoja wa wageni aligeuka kutazama. Hakutazama uso wa Presha, alitazama kapeti. Mtaalamu akaona alichokiona mgeni: buti, na chini ya buti doa linalotanuka. Damu ikampanda usoni. Alielewa tatizo papo hapo, si kwamba hakuelewa. Usiku wa kaka yake ulivuka siku moja ukaingia nyingine, na fomu haikujua kuna kesho. Kulirekebisha kulitaka kuketi, kufikiri, labda kumpa mtu kiti na kumhoji vizuri. Yeye alitaka buti zile ziondoke.

"Kaka, ikikukatalia, weka kuzima ishirini na tatu na dakika hamsini na tisa. Saa sita kasoro dakika moja. Itapita."

"Lakini mimi sizimi saa hizo."

"Andika tu. Nitairekebisha kesho."

"Kwa hiyo niandike uongo?"

"Si uongo, kaka, ni kompyuta! Mimi ndiye niliyeitengeneza." Sauti yake ilikuwa kali kidogo kuliko alivyokusudia.

Presha akayafuata macho ya mdogo wake mpaka chini, akaziona buti zake mwenyewe. Akasema haya, mama, Mtaalamu kasema. Kisha akashuka kwa kupita pembezoni mwa kapeti, akiegemea ukuta, kama mtu anayekwepa mkeka wa wenyewe. Mtaalamu akamwona, akajitia hamnazo.

Ile kesho ya kurekebisha, ninyi mnaofanya kazi za ofisi mnaijua. Siku ya kwanza kulikuwa na ripoti. Ya pili, mashine ya kuchapa. Wiki ya pili alikumbuka akiwa anasuuza vikombe, akasema kesho. Mwezi ukapita, na kwa kuwa hakuna maandishi mekundu yaliyomfikia wala mtu aliyelalamika, akasahau, na mwenye kusahau huwa na raha zake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunaimbishwa hivyo shuleni, na mtihani wake tunafaulu wote.

Presha aliandika kama alivyoambiwa, kila asubuhi, kwa kidole kimoja. Pampu ilifanya kazi saa nane, fomu ikahesabu mbili. Na hesabu hiyo ndiyo iliyotumika kuamua siku ya kupaka beringi grisi: saa zikifika kiasi fulani, kioo cha kompyuta ya injinia kinageuka njano, agizo linatoka, pampu inafunguliwa. Kwa pampu ya chini ya kilima njano haikutokea. Saa zake zilikuwa zinatambaa wakati beringi zinakwisha.

Presha aliisikia. Ilianza kunguruma, sauti ya mtu mwenye kikohozi anayejizuia mbele ya wageni. Akampigia injinia, na injinia akafungua kioo chake.

"Bado kabisa, mzee. Pampu yako inafanya kazi saa mbili tu kwa siku. Ni kama mpya."

Saa mbili? Presha alishtuka, kisha akapiga hesabu aliyofundishwa. Kubadili saa zetu kuwa za kompyuta, toa sita. Saa nane toa sita, mbili. Barabara! Kompyuta inayoiita saa kumi na mbili sita ingeshindwaje kuiita kazi ya saa nane mbili? Akaridhika. Akamwambia mkewe kwamba pampu inakoroma lakini kompyuta ya Mtaalamu inaiangalia, wakati ukifika itasema yenyewe.

Haikusema. Pampu ilijikaza wiki chache zaidi, kisha asubuhi moja, kabla jua halijachomoza, ikatoa mlio wa chuma kinachokatwa na moshi mzito. Beringi zilikuwa kavu kama mfupa. Mota ikaungua nayo. Mitaa ya juu ikakosa maji.

Injinia akachukua kumbukumbu za fomu na kuzilinganisha na mita ya umeme, na hapo mambo yakaharibika. Umeme ulionyesha saa nane kila siku, fomu saa mbili. Kila siku, bila kubadilika, ameandika kazima dakika moja kabla ya saa sita usiku. Injinia hakuhitaji kufikiri sana. Kufungua pampu na kupaka grisi ni kazi ngumu, inachukua siku nzima na mwendesha pampu ndiye anayeinama. Kwa hiyo mvivu kapunguza saa ili grisi isifike. Presha akasimamishwa kazi siku hiyo hiyo, akingoja kikao cha nidhamu.

Meneja akatoka chumbani, akasimama mbele ya meza ya Mtaalamu. "Nauliza mara moja tu. Mfumo unaweza kukosea?"

Hapa ndipo pa kusema. Alijua. Tangu alipoona namba zile kwenye karatasi ya injinia buti zilikuwa zimemrudia machoni, na doa, na sauti yake mwenyewe ikisema andika tu. Maneno yalifika kooni. Lakini meneja alikuwa amesimama karibu sana, na karani wa bili alikuwa ameinua kichwa kusikiliza, na Mtaalamu akasikia mdomo wake ukijibu:

"Mfumo unapokea kile mtu anachokiandika."

Kila neno katika jibu hilo ni kweli. Simtetei. Nimewahi kusikia uongo mwingi maishani, na ule uliojengwa kwa matofali ya kweli ndio mgumu kuubomoa.

Mtaalamu mwenyewe alikaa mitaa ya juu. Kwa hiyo kila jioni, baada ya kazi, alibadilisha nguo akachukua ndoo akajipanga kwenye foleni ya gari la maji. Foleni ile ilikuwa na lugha yake. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisema anayeendesha pampu ile alikuwa akilala usingizi wa pono. Mwingine akasema hapana, si kulala, ni uvivu wa kuzaliwa, mtu hataki hata kupaka mafuta, nyumbani kwake je, mkewe anapakwa na nani? Wakacheka. Mtaalamu alicheka nao, kicheko kifupi, kisha akaona aibu iliyomfanya ainame na kujifanya anafunga kamba ya kiatu. Ndugu yangu huyo, nafsi ilimwambia. Tena anatukanwa kwa kosa langu. Akasogea mbele na ndoo yake, kimya kama maji ya mtungini.

Jumapili wifi yake akaja. Mke wa Presha alikuwa mwanamke wa maneno mengi na vicheko vingi zaidi, na siku hiyo alijaribu vyote viwili.

"Wifi, nimekuja kukusalimia na kukuomba, na nisipopewa nitakaa hapa hapa unitafutie mume mwingine."

"Karibu, wifi. Yupo nyumbani?"

"Atakuwa wapi? Mwanamume amezoea kulala mchana, sasa anataka kulala usiku, wanangu wanashangaa huyu mzee ni nani kitandani kwa mama." Akacheka, kicheko kikakatika katikati. "Amekwisha, wifi. Hali chakula. Anakaa mlangoni anatazama buti. Mtu wa presha, leo hata kikombe cha chai hakimpiti kooni. Wanamwita mwongo. Mume wangu ana kasoro zake, ninazo kwa orodha, lakini uongo hauwezi, hata umbea akiambiwa anausahau. Wewe uko karibu na wakubwa. Mwombee kaka yako."

"Amekwambia kwa nini aliandika hivyo?"

"Nimemuuliza mpaka nimechoka. Anasema ndivyo nilivyoandika, basi."

Mtaalamu akainuka kwenda kuchukua maji ya kunywa ambayo hakuna aliyeyaomba. Jikoni alisimama ameshika bilauri tupu. Kaka yake hakumtaja. Hata kwa mkewe. Alikuwa amemeza jambo lote peke yake, na huku mkewe akija kumwomba msaada mtu yule yule aliyemtia shimoni. Aliporudi sebuleni wifi yake alimshika mkono na kumshukuru mapema, kwa sababu, alisema, damu nzito kuliko maji, na maji yenyewe hayapo. Akacheka tena. Mtaalamu alilia, na wifi akadhani ni huruma.

Siku iliyofuata alimpigia kaka yake.

"Kaka, kwenye kikao sema ukweli. Sema ni mimi."

"Ili iweje?"

"Ili wasikufukuze."

"Wakufukuze wewe?" Presha aliuliza. "Wewe tulia, mama. Mimi nimezoea kuchafuka."

Naye akatulia. Hilo ndilo linalomuuma hadi leo kuliko yote: kwamba alipoambiwa atulie, kuna sehemu ndani yake iliyoshusha pumzi.

Kikao kilifanyika katika chumba cha mikutano, meneja mbele, injinia kulia kwake, mwakilishi wa wafanyakazi kushoto akikuna kidevu. Presha alivaa koti lake la kuendea harusini, limembana mabegani. Mtaalamu aliwekwa nyuma na projekta ili aonyeshe kumbukumbu ukutani, na alizionyesha. Safu nzima ya 23:59, kutoka juu hadi chini.

"Ni wewe uliyeandika hivi?" meneja aliuliza.

"Ni mimi."

"Kuna aliyekutuma?"

"Hakuna."

"Ulizima pampu saa hizo?"

"Hapana. Nilizima asubuhi."

"Sasa ulipoandika uongo huu kila siku ulikuwa unafikiri nini?"

Presha alitazama mikono yake. Alikuwa mtu asiyejua kudanganya, na alikuwa akijitahidi, na ilikuwa vibaya kumtazama. "Nilifikiri ndivyo inavyotakiwa," alisema.

Injinia akacheka. "Inavyotakiwa na nani, mzee? Na shetani?"

Presha aliendelea kutazama mikono yake. Hapo Mtaalamu akaona kwamba kaka yake alikuwa amekwama pale kwa ajili yake, mbele ya watu wanaocheka, na kwamba angekaa amekwama vivyo hivyo hadi mwisho. Hakuwa amepanga hotuba. Alifunga kumbukumbu, akafungua fomu tupu, ile yenyewe, ikatokea kubwa ukutani. Akaandika tarehe. Saa ya kuwasha, 22:00. Saa ya kuzima, 06:00. Akabonyeza.

"KOSA. Pampu haiwezi kuzimwa kabla ya kuwashwa."

Maandishi mekundu yalijaa ukuta, yakampaka meneja wekundu mpaka shingoni.

"Alikuja kuniuliza," Mtaalamu alisema. "Alikuja juu hapa akaniambia fomu inakataa. Mimi ndiye niliyemwambia aandike vile. Akaniuliza kama ni uongo, nikamwambia si uongo. Nikaahidi kurekebisha, sikurekebisha. Na uliponiuliza, meneja, nilijua."

Mwakilishi wa wafanyakazi aliacha kukuna kidevu.

"Hukuijaribu fomu kabla ya kutuletea?" meneja akauliza.

"Niliijaribu kwa saa za mchana."

"Kwa nini mchana tu?"

"Kwa sababu mimi nafanya kazi mchana."

Lile la kapeti hakulisema. Hajalisema kwa mtu yeyote aliyekuwa chumbani mle, na aliyekuwa na haki ya kuambiwa alikuwa analijua tayari.

Uamuzi ulitoka kabla ya wiki kwisha. Presha arudi kazini akiwa na barua ya onyo, kwa kuwa alisikia pampu ikinguruma akaridhika. Mtaalamu arekebishe fomu, kisha ahamie chini, dirisha la malalamiko. Wengi waliona amepona kwa bei nafuu, na mimi ni mmoja wao. Jina halikuhamia naye. Karani wa bili alianza kumwita dada, tu.

Alirekebisha kwa siku mbili. Ilikuwa kazi ndogo, ndogo hadi inatia uchungu: tarehe ya kuwasha na tarehe ya kuzima, kila moja na kisanduku chake, fomu ilinganishe siku na saa kwa pamoja. Safari hii alijaribu kwa usiku wa manane, kwa mwisho wa mwezi, kwa mwisho wa mwaka, kwa kila saa ambayo mtu yeyote angeweza kuwa macho akifanya kazi.

Na kaka yake? Walipotoka kikaoni walisimama kwenye ngazi. Mtaalamu alitaka kupiga magoti palepale, Presha akamshika kiwiko akamzuia, watu wasione.

"Nilikuwa nimeshalimaliza hilo," Presha alisema. "Ungeacha tu."

"Walikuwa wanakuita mwongo, kaka."

"Wiki mbili unazoea." Akavua lile koti la kubana, akalikunja. "Lakini kule pampuni niliwaambia watu mdogo wangu hakosei. Sasa nitawaambia nini?"

Hakuwa na hasira. Mtaalamu alitafuta hasira usoni mwake, hata chembe, ili apate cha kuombea msamaha, asiipate. Angemtukana ingekuwa nafuu.

Pampu mpya ilifungwa, na maji yakarudi mitaa ya juu yakiwa na rangi ya kutu, watu wakayashangilia hivyo hivyo. Asubuhi ya kwanza baada ya Presha kurudi zamu, Mtaalamu alikuwa jikoni anachuja chai, simu ikaita. Nyuma ya sauti ya kaka yake alisikia mota ikipunguza mbio, ikapungua, ikanyamaza.

"Mama, umeamka?"

"Nimeamka. Shikamoo, kaka. Pampu vipi?"

"Marahaba. Pampu nzuri, presha inapanda mpaka raha. Sasa sikiliza. Niliwasha jana saa nne usiku. Nimezima sasa hivi, umesikia mwenyewe, saa kumi na mbili. Fomu yako hii hapa mbele yangu." Akakohoa. "Niandike nimezima saa ngapi?"

Mtaalamu hakulielewa swali. "Si saa uliyozima, kaka?"

"Hiyo hiyo ya kweli?"

"Hiyo hiyo ya kweli. Nimeitengeneza, itakubali."

Presha hakuandika. Mtaalamu alisubiri kusikia kidole kwenye vibonye, hakusikia. Alisikia kaka yake akivuta pumzi, kisha akishusha sauti, kana kwamba kuta za pampuni zina masikio.

"Mimi nitaandika utakavyosema, usiwe na shaka," alisema. "Kama ya kweli itakuharibia wewe, naweka ile saa ya zamani."